Orodha Unganishi au Grafu? Hesabu Mishale Kwanza

Kabla hujaandika msimbo, chora data yako kwenye karatasi: kila kitu duara, kila uhusiano mshale. Kisha hesabu mishale inayotoka kwenye kila duara. Ikiwa kila nodi (yaani kila duara) ina mshale mmoja tu wa kwenda mbele, na hakuna nodi mbili zinazoelekea nodi ileile, orodha unganishi, ambamo kila nodi inashika anwani ya inayoifuata, inatosha (mshale wa kurudi kwa nodi iliyotangulia usiuhesabu). Ikipatikana hata nodi moja yenye mishale miwili ya kwenda sehemu tofauti, achana na orodha, tumia grafu, ambamo nodi moja inaweza kuwa na mishale mingi.

Chukua mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Vituo vya Kimara hadi Kivukoni vinafuatana kimoja baada ya kingine, orodha tupu. Ila pale Magomeni kuna tawi la kwenda Morocco, na Fire kuna la kwenda Gerezani. Wengi hapo hutengeneza orodha tatu, moja kwa kila njia. Sasa Magomeni inakaa mara kadhaa kwenye kumbukumbu. Ukibadilisha taarifa zake kwenye orodha moja, nyingine zinabaki na za zamani. Programu haianguki, inatoa tu majibu yanayopingana, na kosa la namna hiyo linachosha sana kulisaka. Kwenye grafu Magomeni ni nodi moja.

Ukishachagua grafu, usikimbilie jedwali la nodi zote kwa nodi zote. Vituo 10,000 vinadai seli milioni 100. Hata kwa baiti moja kila seli, ni megabaiti 100 ambazo karibu zote ni sifuri, maana kituo cha kawaida kina majirani wachache tu. Weka kwa kila nodi majirani zake peke yao. Kwenye Python, kamusi ndani ya kamusi inatosha: `majirani[a][b] = dakika`. Barabara ya pande mbili iandike mara mbili, na ukifuta nodi, ifute pia kwa majirani wote.

Ukipekua grafu kwa foleni, yaani kutembelea nodi kwa zamu, iliyotangulia kuingia ikitangulia kutoka, weka alama ya "imeonekana" unapoingiza nodi kwenye foleni, si unapoitoa. Ukichelewa, nodi ileile itaingia mara nyingi. Usipoweka alama kabisa, mzunguko mmoja (njia inayorudi ilikoanzia) unatosha kuifanya programu isiishe. Tena foleni hii inatafuta njia yenye vituo vichache, si yenye dakika chache. Kwa dakika tumia kanuni ya Dijkstra, na uzito wowote (namba iliyo kwenye mshale, hapa dakika) usiwe hasi. Ukiwepo uzito hasi, nenda kwenye kanuni ya Bellman-Ford.

Orodha unganishi nayo isipewe sifa isizostahili. Kwenye mashine ya biti 64, namba ya baiti 4 pamoja na kielekezi (anwani ya nodi inayofuata) cha baiti 8 hukaa kwenye nodi ya baiti 16, na kuifikia nodi ya 5,000 lazima upite zote zilizoitangulia. Kwa kazi nyingi safu ya kawaida, ambayo vitu vyake hupangwa bega kwa bega kwenye kumbukumbu, inaishinda. Orodha inafaa pale ambapo tayari umeshika nodi yenyewe, mfano akiba ya muda (cache) inayotupa kilichokaa muda mrefu bila kutumika: kamusi inakupa nodi papo hapo, orodha ya pande mbili inaichomoa bila kusogeza nyingine. Unapopachika nodi mpya, andika kwanza `mpya.mbele = hii.mbele`, ndipo `hii.mbele = mpya`. Ukigeuza mpangilio huo, nodi mpya itajielekezea yenyewe na mkia wote wa orodha utapotea.