Kabla Hujatia Sahihi: Kwa Vijana wa Magharibi mwa Kenya Wanaoanza Mpira wa Kulipwa

Michezo ya shule za upili ikimalizika, vijana wa Kakamega, Vihiga, Bungoma na Kisumu huanza kupigiwa simu na watu wasiowajua. Huyu ni kiongozi wa klabu, yule ni wakala, mwingine anasema anataka tu kukusaidia. Nimecheza ligi kuu, nikastaafu, na sasa nafundisha timu ya shule, kwa hivyo habari za simu hizo hunifikia mapema. Naandika kwa mchezaji aliyemaliza kidato cha nne au anayekaribia, ambaye klabu imeanza kumtaka.

Shika hili kwanza: huku kwetu klabu zimekuwa zikifa kabla wachezaji wao hawajastaafu. Kizazi changu kililelewa na viwanda vya sukari. Mumias, Chemelil, Nzoia, Sony pale Awendo, kila kiwanda kilikuwa na timu yake, na mchezaji mwenye bahati alipata kitanda katika makazi ya kampuni na pengine kazi ya karakana au ofisini. Sony Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka 2006, mbele ya vigogo wote wa Nairobi. Mwaka 2019 timu hiyo hiyo ilifukuzwa ligi kuu baada ya kushindwa kufika uwanjani mechi tatu. Mwaka huo huo kiwanda cha Mumias kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa kwa sababu ya madeni, na SportPesa wakaondoa udhamini wao katika ligi na kwa Gor Mahia na AFC Leopards. Wachezaji walioathirika hawakuwa wazee. Wengi walikuwa katika umri ambao mguu ndio kwanza umekomaa, na waliamka asubuhi wakiwa hawana mshahara, hawana nyumba, na kodi ya miezi inawasubiri.

Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa klabu lisiwe jezi namba ngapi. Uliza nani analipa. Ni kampuni, kaunti, mfadhili mmoja, au ni michango ya mashabiki? Msimu uliopita mishahara ilichelewa kwa muda gani? Usimwulize katibu wa timu. Mtafute mchezaji aliyeondoka hapo msimu uliopita, mnunulie chai, umsikilize. Atakwambia ukweli wote kabla kikombe hakijaisha.

Ndiyo maana nawaheshimu sana Ulinzi Stars, timu ya jeshi ambayo watu wa Nakuru waliizoea pale Afraha. Walichukua ubingwa 2003, 2004, 2005 na tena 2010. Mchezaji wao ni askari, ana namba ya kazi, na miguu ikichoka anabaki na kazi yake. Polisi nao, mabingwa wa msimu wa 2024/25, wana wachezaji walioajiriwa kama polisi. Kuna vijana wanaodharau njia hiyo kwa sababu ya kuruti na nidhamu ya kambi. Mimi ningekuwa na mtoto mwenye kipaji, ningemshauri aifikirie kwa makini kabla ya kukimbilia klabu yenye jina kubwa na mfuko uliotoboka.

Sasa mkataba. Usome wote, na kama lugha yake ni ngumu mpelekee mwalimu wako au wakili, hata ikibidi usubiri siku tatu. Klabu inayokutaka kweli itangoja. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa usipite miaka mitano, na mchezaji aliye chini ya miaka 18 asifungwe zaidi ya mitatu. Uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea vipimo vya daktari au kibali cha kazi, kwa hivyo anayekuambia “tia sahihi, ukifaulu vipimo ndipo mkataba uwe halali” anakupotosha. Vipimo hufanywa kwanza. Na klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili, una haki ya kuiandikia, kuipa angalau siku 15 ilipe, na isipolipa kuvunja mkataba kwa sababu halali. Wachezaji wengi hawaijui haki hii, au wanaijua lakini hawana nakala ya mkataba. Toka ofisini ukiwa na nakala yako, yenye sahihi za pande zote mbili. Wakikuambia “tutakutumia baadaye,” kaa hapo hapo kwenye kiti.

Kipengele cha matibabu ndicho kinachosahauliwa zaidi, na ndicho kimewamaliza wengi niliocheza nao. Kano ya mbele ya goti ikikatika, ni upasuaji na kisha miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Nani atalipa? Mshahara utaendelea? Iandikwe. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti haifiki hospitalini. Wewe binafsi jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na ulipe mchango wako, hata klabu ikisema inashughulikia. Halafu sindano za kutuliza maumivu ili ucheze debi: katika timu moja niliyochezea zilikuwa jambo la kawaida, na kijana aliyekataa aliitwa mwoga. Sindano haiponyi kitu, inazima tu kengele inayokuonya. Kuna wenzangu ambao leo hawawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, na hawajafika miaka hamsini.

Umri. Hapa nitasema wazi kwa sababu ni sisi makocha na viongozi tunaowaharibu. Ukiambiwa upunguze miaka ili ucheze timu ya vijana, kataa. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho na pasipoti vitakutana siku moja kwenye meza ya ubalozi, na vikipingana safari imekwisha. Pasipoti yenyewe iombe mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Haihitaji mtu wa kati.

Nikigusa safari, vijana wote hunitajia McDonald Mariga. Ni sawa wamtaje. Alitoka Nairobi akapitia Sweden na Parma, akafika Inter Milan, na mwaka 2010 akawa na timu iliyotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Baada ya kustaafu aliingia uongozi, na mwisho wa 2024 akachaguliwa naibu rais wa shirikisho letu la soka. Lakini angalia njia yenyewe: alianzia klabu za Sweden, akacheza, akaonekana, akauzwa. Sijasikia popote kwamba mama yake alitakiwa auze ng'ombe ili alipie “majaribio”. Wakala wa kweli leo ana leseni ya FIFA aliyoipata kwa mtihani, na jina lake unaweza kulitafuta katika orodha ya FIFA yenyewe. Anayekudai pesa ya viza, ya hoteli na ya kocha wa huko si wakala. Na kama hujatimiza miaka 18, uhamisho wa kimataifa umekatazwa isipokuwa kwa hali chache maalum, hivyo kijana wa miaka 16 anayeahidiwa klabu ya Ulaya mwezi ujao anadanganywa.

Kuhusu pesa nitasema machache, kwa kuwa kila nyumba ina mambo yake. Panga maisha kwa mshahara, si kwa bonasi. Weka kitu Sacco kabla hujatuma nyumbani, na uwaambie wazazi mapema kiasi utakachotuma ili kila shida ya ukoo isikupate kwa M-Pesa usiku wa kuamkia mechi. Mshahara wa mpira wetu huchelewa. Akiba ya miezi mitatu ya kodi na chakula itakusaidia kuliko simu mpya.

Wazee wetu hapa bado humtaja Joe Kadenge, mwana wa Vihiga, kwa sauti ya mtu anayemwona mbele yake. “Kadenge na mpira” ilitoka kwenye redio za nchi nzima. Alipofariki Julai 2019 viongozi wengi walituma rambirambi. Lakini baada ya mpira mtu huyo aliendesha teksi Nairobi kujipatia riziki. Ilikuwa kazi halali na aliifanya kwa heshima. Kinachoniuma ni kwamba nchi iliyoimba jina lake haikumwandalia kitu, na wewe huna sababu ya kuamini kwamba itakuandalia.

Ndiyo maana nasisitiza shule. Timu nyingi hufanya mazoezi asubuhi. Saa nane mchana mchezaji yuko kitandani na simu. Chuo cha ufundi cha Sigalagala kiko hapa Kakamega, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini, Kisumu kuna taasisi ya kitaifa ya ufundi. Umeme, uhasibu, ualimu, chochote unachokiweza, anza ukiwa bado unalipwa. Ukingoja ustaafu, utakuwa na umri wa miaka 33, una watoto, na karo yako itashindana na yao.

Na ukipenda kubaki ndani ya mpira, ukocha una ngazi zake: leseni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, huanzia D, kisha C, B na A, na kwa kawaida huwezi kuruka. Shule zetu zinahitaji makocha, na nyingi sasa huuliza leseni kabla ya jina ulilojijengea uwanjani. Kozi ya D ikitangazwa karibu nawe, jiandikishe hata kama una miaka 22 na unafunga mabao kila wiki. Mwombe kocha ruhusa ya siku hizo mapema, kwa maandishi, na utafute mazoezi ya kufidia.