Maswali na majibu: chipu ya mbwa na kikohozi kinachoambukiza

Daktari, nikimwekea mbwa wangu chipu, nitaweza kuona kwenye simu yuko wapi akipotea?

Hapana. Naulizwa hili karibu kila juma, na afadhali ulijue leo kuliko siku atakapopotea. Chipu haina betri na haiwasiliani na setilaiti. Ni kijibomba cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi, kama punje ya mchele, na kilichomo ndani yake ni namba ya tarakimu 15, basi. Hukaa kimya chini ya ngozi mpaka mtu apitishe kisomaji juu yake, ndipo mawimbi ya kisomaji yanapoiamsha ikatoa ile namba. Jina lako halimo, wala namba yako ya simu. Hivyo vinatunzwa kwenye hifadhidata ambako chipu imesajiliwa.

Ukitaka kumfuatilia hatua kwa hatua, tafuta kifaa cha GPS cha kufunga kwenye kola, nacho utakichaji mara kwa mara. Ila kola huchomoka shingoni, na chipu hubaki.

Je, atasikia maumivu?

Kidogo tu. Sindano yake ni nene kuliko ya chanjo, inachomwa katikati ya mabega, na wengi hawastuki. Ukiona huruma inakushinda, omba awekewe siku ya kuhasiwa akiwa amelala.

Mbwa wetu alitoroka akaokotwa na kupelekwa kwenye kituo cha wanyama waliopotea. Ana chipu, lakini hatukupigiwa simu. Tulimkuta wenyewe siku ya tisa, na sasa anakohoa. Kosa liko wapi?

Poleni sana. Siku tisa za kumtafuta mbwa ni nyingi mno.

Mara nyingi kosa liko kwenye usajili. Kuna mbwa wanaowekewa chipu na mwenyewe akaondoka akidhani kazi imekwisha, kumbe namba haijaandikwa popote. Kuna waliosajiliwa, kisha familia ikahama au ikabadilisha namba ya simu. Na mbwa aliyepewa familia nyingine mara nyingi bado anasomeka kwa jina la yule wa kwanza. Chipu ikisomwa, kituo kinapiga namba isiyopatikana, siku zinakwenda.

Kuna pia sababu za kiufundi. Chipu huweza kuhama taratibu chini ya ngozi hadi begani au ubavuni, kwa hiyo anayesoma apitishe kifaa mwili mzima, polepole, asiishie mgongoni. Halafu chipu za kisasa husomwa kwa mawimbi ya masafa ya kilohezi 134.2, na baadhi ya zile za zamani ni 125 au 128, ambazo si kila kisomaji kinazinasa. Ushauri wangu ni huu: kila mwaka mbwa anapokwenda kuchanjwa, mwombe daktari aisome chipu mbele yako. Ukirudi nyumbani, ingia kwenye hifadhidata uhakikishe namba ya simu ni ile unayoipokea. Weka na ya ndugu mmoja pia.

Kikohozi hakinishangazi. Mbwa wengi waliokusanywa pamoja, wenye hofu, wanaovuta hewa moja: hapo ndipo ugonjwa huu unapostawi. Kila siku aliyobaki mle iliongeza nafasi ya kuambukizwa. Ndiyo maana mimi huuhesabu usajili wa chipu kuwa sehemu ya kinga yake.

Wangu alichanjwa dhidi ya kikohozi, nikamwacha siku nne kwenye nyumba ya kulaza mbwa, akarudi anakohoa kama aliyekwamwa na mfupa. Chanjo ilikuwa bandia?

Si lazima. Kikohozi hiki hakina kijidudu kimoja. Kuna bakteria aitwaye Bordetella, kuna virusi vya parainfluenza, adenovirusi ya aina ya pili, virusi vya korona vya mbwa, mycoplasma, na mara nyingi viwili vitatu huingia pamoja. Chanjo inagusa baadhi tu, na hata kwa hivyo kazi yake kubwa ni kuupunguza makali ugonjwa. Mbwa aliyechanjwa akikohoa wiki moja bila kuacha kula, chanjo imemsaidia.

Mafua ya mbwa nayo huleta kikohozi, na yana chanjo yake tofauti. Aina ya H3N8 ilitoka kwa farasi, ikabainika kwa mbwa wa mbio huko Florida mwaka 2004. H3N2, yenye asili ya ndege, ilianzia Asia na mwaka 2015 ikazuka Chicago. Chanjo ya Bordetella haizuii hata moja kati ya hizo.

Muda nao una uzito. Chanjo ya puani huanza kukinga ndani ya siku chache. Ya sindano, sawa na ya mafua, huhitaji dozi mbili zinazopishana wiki 2 hadi 4. Ukimchanja leo ili umpeleke kesho, umechelewa.

Naweza kumpa dawa ya kikohozi tunayotumia sisi?

Usimpe, tafadhali. Paracetamol inaweza kumharibu ini na damu, na baadhi ya dawa za maji zina sukari ya xylitol inayoweza kumuua.

Mpumzishe, maji yawepo wakati wote, na badala ya kola mvalishe mkanda wa kifuani ili koo lisibanwe. Wengi hupona ndani ya wiki 1 hadi 3. Lakini akigoma kula, akihema kwa shida, akipata homa au makamasi mazito, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni nimonia. Kwa mtoto wa mbwa, mzee, au mwenye pua bapa, usingoje hata dalili hizo. Piga simu kwanza kabla ya kufika, ili mngoje nje mbali na wagonjwa wengine.

Nina mbwa wawili na mmoja tu ndiye anayekohoa. Nimtenge?

Mtenge, ingawa huenda mwenzake ameshaambukizwa, maana mgonjwa husambaza vijidudu kabla hajaanza kukohoa. Kila mmoja awe na vyombo vyake, na umhudumie mzima kwanza. Virusi vya mafua hukaa saa 12 mikononi, 24 kwenye nguo na 48 juu ya vitu, kwa hiyo nawa na ubadilishe nguo. Mgonjwa asikutane na mbwa wengine kwa siku 14. Ikithibitika ni H3N2, ziwe 21, hata kama kikohozi kimekwisha.

Tunahamia nchi ya Umoja wa Ulaya. Kipi kitangulie, chipu au chanjo ya kichaa cha mbwa?

Chipu. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiwi, itabidi irudiwe. Vyote viwili vinaweza kufanyika siku moja, mradi chipu itangulie, kisha mngoje siku zisizopungua 21 kabla ya kusafiri.