Kwa mnaoanza kujenga nyumba za kupangisha Dodoma

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, hawaishi watu wanaokuja na akiba zao kutafuta kiwanja cha kujenga nyumba ya kupangisha. Wengi huanza kuulizia bei. Ndugu zangu, anzeni na udongo.

Sehemu nyingi za mji huu, hasa mabondeni, zina udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kisha ni ukame mtupu. Msingi unanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Kabla hujalipa hata senti, tembelea nyumba za jirani utazame kona za madirisha. Ukiona ufa umepanda mshazari kuelekea kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), ukazibwa kwa saruji na kufunguka tena, hayo ndiyo maelezo ambayo dalali hatakupa. Halafu mlipe kibarua achimbe shimo, uchukue udongo wa chini, uuloweshe na kuuviringisha viganjani. Ukitoka kamba nyembamba isiyokatika, tafuta mhandisi kabla ya fundi. Huenda akakwambia utoe udongo ule ujaze moramu, yaani udongo wa changarawe usiovimba, au usuke nondo za kutosha kwenye msingi. Gharama hiyo ijumlishe kwenye bei ya kiwanja, ndipo ujue kama kweli ni cha bei nafuu.

Karatasi nazo zina mambo yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyokuwa ikigawa viwanja hapa, ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamishiwa halmashauri, lakini bado kuna wauzaji wanaotembea na nyaraka za enzi hizo. Usiridhike na nakala, wala na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa peke yake. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda Halmashauri ya Jiji uhakikishe jina lililopo ni la anayekuuzia, na kama kuna hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hapa mjini yapo malalamiko mengi ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili. Muuzaji akiwa na mke au mume, naye asaini. Akikataa kumleta, achana na kiwanja hicho, hata ukipende vipi.

Jenga ukimjua mpangaji wako. Ukijenga Iyumbu au Ng'ong'ona karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), utapata wanafunzi, na chuo kikifungwa vyumba vinabaki vitupu. Hesabu kodi ya miezi ya masomo tu. Mtumishi wa wizara anayefanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anataka nyumba inayojitegemea, na swali lake la kwanza ni maji. Mgao upo, kwa hiyo simtanki na mnara wake viwe kwenye ramani tangu mwanzo. Nimeona nyumba nzuri zikihamwa kwa sababu ya maji tu.

Kwenye hesabu zako usisahau asilimia 10 ya pango inayokwenda TRA (Mamlaka ya Mapato), na kodi ya jengo inayokatwa unaponunua umeme wa LUKU. Na kila mpangaji awe na mita yake. Mita moja kwa familia tatu ni ugomvi wa kila siku: huyu ana friji, yule ana pasi tu, na wote watakupigia wewe simu usiku umeme ukikatika.