Atieno Ana Huzuni, Lakini Simwoni

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Ninaandika riwaya kuhusu Atieno, muuza omena wa Kibuye ambaye mumewe amefia ziwani. Nimeandika hivi: "Alihuzunika sana, machozi yakamtoka njia mbili mbili." Dada yangu amesoma, akasema huyo Atieno bado hamjui. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, dadako amesoma vizuri. Machozi ya njia mbili mbili tuliwafundisha sisi walimu, mkapata alama kwenye insha, na sasa yamewafuata hadi kwenye riwaya. Sentensi hiyo ingemfaa mjane yeyote.

Mwaka jana nilipanda matatu Nakuru nikija huko kwenu. Kando yangu aliketi mzee aliyepakata mfuko. Ndani mlikuwa na shati jeupe jipya, pini bado zimo. Tulipopita Londiani alilitoa, akainyoosha kola kwa kidole gumba, akalirudisha. Kericho akalitoa tena. Awasi ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Ni la kijana wangu. Tunamzika kesho." Kisha akaniuliza kama kola imekunjamana. Hakudondosha chozi, ila mimi nilishindwa hata kumjibu.

Basi mtafutie Atieno shati lake. Mikono yake inashika nini siku anaporudi sokoni?

Halafu jifunze kuacha "aliwaza kwamba". Ukiandika, "Atieno aliwaza kwamba watu wanamhurumia," umetupa habari tu. Sasa soma hii: "Atieno alijaza gorogoro. Mbona leo hakuna anayeomba kupunguziwa? Hata yule mama mkorofi wa Manyatta amelipa bila neno. Wamejua." Anayesimulia bado ni wewe, lakini ulimi ni wake. Mimi naipenda njia hii kuliko uzungumzi nafsi, yaani mhusika kujisemea peke yake, ambao ukizidi, mhusika huanza kuhutubia.

Ukitaka, mwache asimulie mwenyewe, kama Kongowea katika *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996), anayemtafuta babake hadi Kitale. Ila ujue gharama yake: ya moyoni mwake atayasema, lakini ya mama mkwe wake atayajua kwa kutazama tu, jinsi anavyoweka sufuria chini, jinsi anavyochelewa kuitikia salamu.

Iandike upya sura hiyo ya sokoni, umpe dadako kwanza. Akinyamaza kidogo baada ya kusoma, nitumie.