Jibu: Gemu liko katikati, nihamie Godot 4?

Mkuu, usiguse hicho kitufe. Umesema gemu lako la bodaboda limevuka nusu kwenye Godot 3 (Godot ni injini, yaani programu ya kutengenezea gemu), unauliza kama uhamie Godot 4, laptopu gani inafaa na utaliuzaje. Usihame. Malizia ulipoanzia.

Mimi nilikuwa na gemu la kifodi, daladala ya huku Arusha, Kilombero hadi Njiro, konda ananing'inia mlangoni. Mteja, mama mmoja, alishatoa advansi, analitaka kwenye banda lake la Nane Nane pale Themi. Machi 2023 Godot 4.0 ikatoka. Kuna jamaa anajiita mwalimu wa gemu, ana grupu la WhatsApp la kulipia, akatuambia Godot 3 imekufa, kuhama ni dakika tano, programu inabadilisha yenyewe. Baadaye nikaja kujua huyo mtu hajawahi kumaliza gemu lolote. Na hela ya grupu hajarudisha.

Majina ya vitu vya ndani ya gemu, programu inabadilisha kweli. KinematicBody inakuwa CharacterBody3D. Tabia ya gemu lako sasa, hiyo utajijua. Godot 3 ilitumia Bullet, programu ya watu wengine, kwa fizikia ya 3D, yaani vitu vinavyoanguka na kugongana; kwenye 4 wakaiondoa, wakaweka ya kwao. Springi na breki nilizozipima kwa jasho zikawa takataka. Haisi inaingia kipilefti cha Mnara wa Saa polepole kama imebeba mayai, inabiringika, konda anabaki hewani anadai nauli. Mteja alicheka sana. Mara ya kwanza.

Utauliza kwa nini sikurudi kwenye kopi ya zamani. Kopi ilikuwepo! Ila kila usiku makosa yalikuwa yanapungua, najiona nimekaribia, halafu yakiisha ya juu yanafunguka ya chini. Mwisho kabisa ndiyo nakumbuka vishikwambi vya mteja ni vya kizamani. Godot 3 ina GLES2, njia ya kuchora picha inayokubali vifaa vya zamani, ingekwenda humo. Godot 4 hiyo wameitupa. Havikufungua kitu. Nane Nane ikapita, advansi nikairudisha vipande vipande, na yule mama hadi leo salamu yangu anaitikia akiwa anatembea.

Wanaokwambia lazima uende na injini wanachanganya mambo. Injini zinakua, tena zinaishi kuliko gemu zenyewe. Kampuni ya Valve walichukua injini ya gemu la Quake ya 1996 wakaifumua ikabeba gemu lao la Half-Life mwaka 1998, na humo humo ikatoka injini yao ya Source ya 2004. Call of Duty ya 2003 ilianzia kwenye injini ya Quake III. Lakini angalia wanabadilisha lini: wakiingia gemu jipya. Duke Nukem Forever ilitangazwa 1997 kwa injini ya Quake II, mwaka uliofuata wakahamia injini ya Unreal, gemu likatoka 2011. Hao walikuwa na ofisi na mishahara. Wewe una Tanesco.

Na Godot 3 haijafa. Toleo la 3.6 limetoka Septemba 2024, hilo unaweza kupanda bila maumivu makubwa. Toa gemu, la pili ndiyo uanze na 4. Ukiwashwa sana, ichungulie 4 pembeni kwenye mradi mtupu, pikipiki moja na kilima kimoja, basi.

Laptopu waulize wengine, ya kwangu hata betri haina.