Mimi na Yeye Hatusemezani

Swali la wiki hii kutoka kwa mhariri linauliza: kwa nini baadhi ya watu wanamwamini Mungu na wengine hawamwamini? Nililisoma asubuhi nikaliacha, usiku likaniamsha. Nimelelewa ndani ya swali hilo. Mama yangu aliamini, baba yangu aliacha. Walilala kitanda kimoja, wakazika mtoto mmoja, na kila mmoja akatoka makaburini na njia yake.

Aliyekufa ni mdogo wangu wa kike, miaka sita, kwa homa iliyomchukua ndani ya siku nne. Kabla ya hapo baba ndiye aliyekuwa akituongoza sala za usiku, kwa ile sauti yake nzito, sisi tukimfuatisha huku tunasinzia. Baada ya mazishi hakutangaza lolote. Usiku wa kwanza tulipokusanyika alikaa ukingoni mwa kitanda akanyamaza. Tukasubiri. Mwishowe mama akaianza sala mwenyewe. Tangu siku hiyo ikawa hivyo: mama anasali kwa sauti, baba yupo palepale, mkono uko karibu na swichi ya taa, macho yako sakafuni. Mama akisema amina, baba anazima taa. Hakuwahi kuizima kabla ya amina, hata siku ambazo sala ilirefuka mpaka watoto wakalala wamekaa. Na hakuwahi kuitikia.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata ujasiri wa kumuuliza: "Baba, huamini kwamba Mungu yupo?" Alifikiri kidogo. "Sijasema hayupo, mwanangu. Mimi na yeye hatusemezani."

Jibu lile lilinifanya niisikie lugha yetu upya. Tuna "kuamini kwamba" na tuna "kumwamini". Naweza kuamini kwamba jirani yangu yupo, na nisimwamini hata kwa ufunguo wa mlango. Kitenzi ni kilekile, lakini ile "mw" iliyojibana katikati ndiyo inayobeba mzigo. Na tazama jamaa zake: amana, uaminifu, imani. Mtu katili tunasema hana imani, na hapo hatuzungumzii kama anasali au hasali. Ni maneno ya watu waliokabidhiana kitu. Mhariri ameuliza kuhusu kumwamini, lakini wengi wetu tukiingia kwenye mjadala huu tunajibu kuhusu kuamini kwamba, ndiyo maana tunapigizana hoja usiku kucha na hakuna anayeondoka na kitu.

Hata hesabu za dunia zinaonyesha pengo hilo. Kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kwamba mwaka 2010, kati ya watu bilioni 6.9, watu wapatao bilioni 1.1 hawakuwa na dini yoyote. Ukiwasikia unadhani wote wamesema Mungu hayupo. Kumbe wengi wao waliendelea kusema kwamba yupo, au kwamba ipo nguvu fulani iliyo juu yetu. Na ukigeukia upande wa pili, wangapi wamo kwenye safu za ibada, wanajua kila neno la kuitikia, na wakipata shida Mungu ndiye wa mwisho kukimbiliwa?

Yapo majibu mawili yaliyo tayari midomoni mwa watu, na yote mawili yananiuma. Waumini huambiana kwamba asiyeamini anakwepa amri, anataka aishi apendavyo. Baba yangu alipoacha kusali hakuacha kitu kingine chochote. Alilipa madeni kama alivyolipa, alirudi nyumbani saa zilezile, aliwaheshimu wazee vilevile. Wasioamini nao huambiana kwamba muumini ni mtu anayeogopa kifo au ambaye hakusoma. Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianza na kitu mfano wa chembe moja, alikuwa padri. Papa Pius XII alipoikaribisha sayansi hiyo mwaka 1951 kana kwamba inathibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Hakutaka nadharia yake itumike kumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alipotoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, yaani aina za viumbe, mwaka 1859, mmoja wa watetezi wake wakubwa nchini Marekani alikuwa Asa Gray, mtaalamu wa mimea na Mkristo wa dhati. Ushahidi uleule mezani, watu wawili wanaoheshimiana, wanaandikiana barua, Darwin mwenye shaka na Gray muumini, na kila mmoja anasimama pake. Kusoma kunabadilisha mengi, lakini hakukuambii umkabidhi nani moyo wako.

Basi tofauti inatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka utotoni. Mtoto huzaliwa na akili inayotafuta kusudi katika kila kitu. Mwanasaikolojia Deborah Kelemen aliwauliza watoto wadogo kwa nini mawe fulani yana ncha kali. Walipenda majibu kama: ili wanyama wasiyakalie wakayavunja. Wakubwa hutabasamu, lakini baadaye yeye na wenzake waliwapima wanasayansi waliobobea kwa kuwabana muda wa kujibu, na wao pia wakaanza kuteleza kwenye majibu ya namna hiyo. Kuona mkono nyuma ya mambo kunatujia wenyewe; kutouona ndiko kunakohitaji mazoezi. Muumini atasema Mungu ametuumba hivyo ili tumtafute. Asiyeamini atasema ni mazoea ya ubongo uliozoea kushtukia kila kichaka kinachotikisika. Hapa napo ushahidi ni mmoja, na haumwondoi yeyote alipokuwa.

Lakini tabia hiyo ya akili haitoshi kumpa mtoto Mungu fulani wa kumwamini. Anayempa ni mtu aliye mbele yake. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 1058, anasimulia katika maelezo ya maisha yake kwamba tangu ujana alishangazwa na jambo moja: watoto wa Kikristo wanakua Wakristo, wa Kiyahudi Wayahudi, wa Kiislamu Waislamu. Akaikumbuka hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile yake, kisha wazazi wake ndio wanaomfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi. Mtu wa karne ya 11 alikuwa na ujasiri wa kuliona hilo na kulisema wazi, na alikuwa muumini.

Mwanaanthropolojia Joseph Henrich aliongeza jambo mwaka 2009 ambalo mimi naliona kila siku. Mtoto haongozwi sana na maneno. Anaangalia kama anayesema analipa gharama ya anachokisema. Anayehubiri sadaka, je, anatoa? Anayesema Mungu anaona, je, anaogopa kudanganya akiwa peke yake? Mzazi anayewasukuma watoto kwenye ibada huku yeye amebaki kitandani anawafundisha somo refu kuliko mahubiri yote. Nimewauliza marafiki zangu walioacha imani ni hoja gani iliwashinda. Wachache sana walinitajia hoja. Wengi walinitajia mtu: mchungaji, shehe, mjomba, mwalimu wa dini, aliyesema hili na kutenda lile. Waliacha kumwamini yule aliyeleta ujumbe, na ujumbe ukaondoka naye. Nadhani sisi waumini hatujayatafakari haya vya kutosha. Tunawalilia vijana walioondoka, na hatuulizi walituona tukifanya nini.

Kisha yanakuja maumivu, na hapa hakuna kanuni. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi makanisa yakiwa yamejaa. Kuta ziliwaangukia watu waliokuwa wakisali, mishumaa ya altare ikasaidia kuwasha moto, kisha bahari ikapanda. Maelfu kwa maelfu wakafa. Wapo waliohubiri kwamba ni adhabu na watu watubu. Voltaire, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika shairi la hasira dhidi ya wale waliodai kwamba kila kitu duniani kiko sawa, ingawa hata yeye hakuacha kusema kwamba Mungu yupo.

Sasa tazama Christchurch, Nyuzilandi. Tarehe 22 Februari 2011 tetemeko liliua watu 185. Watafiti walikuwa tayari wamewahoji watu wa nchi hiyo mwaka 2009, wakawahoji tena baadaye. Nchini kwa jumla imani ilikuwa inapungua, lakini miongoni mwa walioguswa na tetemeko iliongezeka. Ardhi inatikisika, mmoja anapoteza Mungu wake, mwingine anampata. Nyumba yetu ilikuwa na wote wawili.

Wataalamu Pippa Norris na Ronald Inglehart walieleza mwaka 2004 kwamba mahali ambapo maisha hayana uhakika, dini hushika mizizi, na mahali ambapo mtu anajua atakula, atatibiwa na atazeeka, hulegea kizazi baada ya kizazi. Kwa mataifa naona maelezo hayo yana uzito. Kwa watu wawili waliokula sufuria moja hayanisaidii kitu.

Kinachonisaidia zaidi ni kuangalia jinsi kuamini na kutoamini kunavyokuja kwa mtu mmoja mmoja, maana mara chache huwa ni uamuzi. Al-Ghazali huyohuyo aliwahi kuugua shaka kwa karibu miezi miwili, akashuku hata macho yake na akili yake. Anasema hakuponywa kwa hoja iliyopangwa vizuri. Aliponywa kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Darwin, aliyempoteza binti yake Annie mwaka 1851 akiwa na miaka kumi, aliandika kwamba kutoamini kulimnyemelea polepole sana. Mmoja anasema nilitiliwa, mwingine anasema nilinyemelewa. Wote wawili wanazungumza kama watu waliofikiwa na kitu. Nikisikia mtu anamwambia mwenzake "amua tu kuamini", huwa najiuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kuamua.

Na wapo walio katikati, ambao naamini ni wengi kuliko tunavyokiri. Mama Teresa alikufa mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa miaka kumi baadaye, watu walishtuka kusoma kwamba kwa karibu miaka hamsini alisali bila kuhisi kwamba kuna anayesikiliza. Wengine walisema kumbe hakuamini. Mimi nilimwona mtu ambaye "kuamini kwamba" kulimtoka mikononi, akashikilia ile "mw" peke yake na kuendelea kuwaosha wagonjwa. Katika Injili ya Marko kuna baba wa mtoto mgonjwa anayelia mbele ya Yesu kwamba anaamini, asaidiwe kutokuamini kwake. Sentensi moja, mambo yote mawili, na hakufukuzwa.

Nimetaja Darwin, nimtaje na mkewe. Emma alikuwa muumini. Mapema katika ndoa yao alimwandikia mumewe barua akimweleza hofu yake kwamba shaka ingewatenganisha milele. Darwin hakuweza kumpa alichokitaka. Aliitunza ile barua, na juu yake akaandika kwamba akishakufa, Emma ajue kuwa mara nyingi ameibusu na kuililia. Nimesoma vitabu vinene vya kuthibitisha na vya kukanusha. Hakuna kilichonieleza wanaoamini na wasioamini kama karatasi ile.

Mimi ninaamini. Nikiulizwa kwa nini, sina hoja nzuri zaidi ya sauti ya mama yangu akianza sala peke yake usiku ule, bila kumtazama baba kwa lawama, na akiendelea usiku uliofuata, na uliofuata. Ndugu yangu mkubwa, aliyekuwa chumba kilekile, haamini. Ukimuuliza sababu atakutajia kimya cha baba. Anasema ndicho kitu cha kweli kuliko vyote alivyowahi kuvisikia. Siwezi kumbishia, nilikuwepo.

Mama alipopatwa na kiharusi, siku za mwisho hakuweza tena kusema. Usiku tulikusanyika kama zamani, sisi sasa watu wazima wenye mvi. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono uko karibu na swichi. Tukasubiri. Mama alikuwa anatutazama tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nianze mimi, ndipo baba akaanza. Aliisali sala ya mama yote, neno kwa neno, kwa mpangilio wake, na majina yetu kwa mfuatano aliokuwa akiyataja, likiwemo la mdogo wetu. Alipofika mwisho akasimama. Midomo ya mama ikatikisika. Baba akasubiri mpaka ilipotulia, akazima taa.

Baada ya mazishi nilimuuliza kama yeye na Mungu sasa wanasemezana.

"Nilikuwa nasema na mama yako," alijibu.