Kijana wako amepewa kitambaa: mwambie asianze na kelele

Mama, salamu toka Lubumbashi. Umesema kijana wako yuko mwaka wa tatu wa umanite (sekondari ya huku kwetu), amechaguliwa kapiteni wa timu ya shule, na anaogopa wale wa mwaka wa nne hawatamsikiliza. Mimi nilivaa kitambaa hicho miaka miwili, nikiwa golikipa, katika shule moja ya Kenya, si nchi bali komini ya hapa Lubumbashi. Nimemaliza juzi tu, makosa yangu bado mabichi.

Kwanza nimtoe hofu. Sheria ya 3 ya mpira inasema wazi kwamba kapiteni hana hadhi ya pekee wala upendeleo, ila ana kiasi fulani cha wajibu juu ya mwenendo wa timu yake. Basi. Mimi sikuijua; nilidhani kitambaa ni kibali cha kufoka. Na golikipa hakosi sababu: uwanja wote uko mbele yake, anamwona mshambuliaji anayejificha nyuma ya beki wakati beki mwenyewe anatazama mpira.

Binamu yangu, ambaye wazazi wake walihamia Marekani, anacheza besiboli shuleni kwao. Yeye ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka. Alinitumia sauti kwenye WhatsApp: hata kwao ni vilevile, wenzake wote wanatazama kwake, yeye peke yake anawatazama wao. Lakini mrushaji akianza kuyumba, hamfokei. Anaomba mchezo usimame, anatembea zile mita 18 na kidogo mpaka kwenye kilima cha mrushaji, anafunika mdomo kwa glavu, wanaongea wawili tu. Nilicheka sana. Mita 18 kwenda kusema neno moja!

Sasa sikia yaliyonipata. Tulikuwa na beki wa kushoto, mtoto wa mwaka wa kwanza, mwembamba kama ufito. Pasi zake zilipotea ovyo. Siku ya mechi ya kirafiki, vumbi jekundu la Septemba limejaa machoni, nikamfokea mbele ya watu: “Weye, hiyo miguu ni ya mbao?” Waliokaa juu ya kichuguu kando ya uwanja wakavunjika mbavu. Jumatatu hakuja mazoezini. Jumatano hakuja.

Alhamisi nikamngojea mlangoni mwa darasa lake, tukarudi kwa miguu kuelekea Katuba. Sikumuuliza kitu. Njiani akakaa kwenye jiwe, akavua kiatu, akachomoa karatasi iliyoshindiliwa kwenye ncha: ukurasa wa daftari la hesabu, umelowa jasho. Viatu vilikuwa vya kaka yake, namba 42. Yeye anavaa 39. Mpira ulikuwa unagonga mahali ambapo kidole hakipo.

Tulichanga, tukampatia vya mtumba. Tangu siku hiyo, mtu akikosea nilingoja mpira utoke, nikamsogelea nikamwambia sikioni. Mita 18, au hata 40.

Kuhusu wale wa mwaka wa nne, si tatizo kubwa. Amtafute anayenung'unika kuliko wote, ampe kazi ya kweli. Wangu nilimwachia apange wapiga penalti. Akatulia.

Kulea wadogo ndiko kulikonishinda. Golikipa wetu wa pili nilimfundisha kuruka kwa makalio kama Kidiaba, golikipa wa zamani wa Mazembe ya hapa Lubumbashi, alivyokuwa akishangilia bao (huku hakuna mtoto asiyeujua mchezo ule, tangu Mazembe waipige Internacional ya Brazil 2–0 mwaka 2010), lakini namna ya kuanguka nilimficha. Uwanja wetu ni mgumu kama tofali. Ukitanguliza viwiko unaacha ngozi. Unatakiwa utue kwa paja, kisha nyonga, kisha bega. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa mikono yake ilikuwa mirefu kuliko yangu. Nikawa ninaona shati lake jeupe la shule lina madoa ya damu viwikoni, wiki baada ya wiki, na mama yake akilifua. Mwishowe nikaona aibu. Tukaenda kwenye lundo la mchanga wa nyumba iliyokuwa ikijengwa, nikamfundisha jioni nne.

Muhula wa mwisho mwalimu akampanga yeye. Iliniuma, na bado inauma kidogo. Mapumziko akanijia benchini: “Yaya,” ndivyo tunavyowaita wakubwa zetu huku, “namba 9 wao anasimama wapi kwenye kona?” Nikamwonyesha kwa vifuniko vya chupa.

Tulifungwa 2–1, na hakuna bao hata moja lililokuwa kosa lake. Kurudi, neti ya mipira niliibeba mimi. Kazi hiyo kijana wako anaweza kuianza kesho.